Mlezi wa Dirisha Linalotetemeka

Simba niliyemkatia tiketi kati ya Saranda na Manyoni alikuwa na adabu kushinda abiria wengi wa daraja la tatu. Nitamrudia, maana yeye na mdomo wangu ndio chanzo cha mkasa huu wote. Kwanza mtazameni Nyanjige.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa Baraza la Kata ya Makutano. Nyanjige, mwanamke wa miaka sitini na ushei, mjane wa rafiki yangu Shigela, alikuwa ameketi mbele ya kibodi cha baraza akitafuta herufi kama anayechambua mchele. Ukutani, kioo kikubwa kama mlango wa ghala kilionyesha kila anachoandika, herufi kwa herufi, ili watu wote waone. Upande wa pili wa meza alikaa shemeji yake, Lukelesha, amekunja nne, anatabasamu kama mtu aliyealikwa karamuni.

Nyanjige aliandika: *Nyumba hii tulijenga mimi na mume wangu.*

Dirisha lililobeba maneno hayo likaanza kucheza. Pembe zikavutika, tumbo likabonyea, likawa linayumba kama uji kwenye bakuli la mtu anayekimbia.

"Eeeh!" ukumbi ukaguna.

"Kimya!" alisema mwenyekiti, Bi. Eliwaza, mama wa Kipare asiyecheka bila sababu ya maandishi. "Endelea, mama."

Nyanjige akafuta, akaandika, akafuta tena. Dirisha likazidi. Akainua uso. "Mheshimiwa, simu yangu ina sauti ya marehemu. Kabla hajafa aliniachia ujumbe, anasema nyumba ni yangu. Naomba niwasikilizishe."

Watu wakacheka, ila si kwa ubaya. Bi. Eliwaza akavua miwani. "Mama, juzi sauti ya marehemu baba yangu ilinipigia simu ikanishauri niolewe tena. Sauti hatupokei, picha hatupokei. Tunapokea kidole cha mtu kwenye kibodi, basi."

Ndivyo tunavyoishi tangu mashine zilipojifunza kuiga makoo ya watu, wazima na wafu. Ushahidi ni ule unaouandika kwa mkono wako, hapo hapo, mbele ya kadamnasi, na dirisha linakupima. Ukisema kweli, dirisha linatulia. Ukidanganya, linatetemeka. Dirisha hilo nililitengeneza mimi, Mihayo, mstaafu wa reli. Cheo changu ni mlezi wa dirisha, kiti changu kiko kushoto kwa karani, na mto uliopo juu ya kiti hicho ni siri kati yangu na daktari.

Nyanjige aliandika mstari wake wa mwisho: *Paa la jiko liko juu ya mataruma kumi na manne ya reli ya zamani. Tuliyapata siku treni ya mwisho ya dizeli ilipopita.*

Hapo dirisha lilitetemeka hadi maneno hayakusomeka.

Mataruma ni yale magogo mazito yanayolala chini ya reli, na hayo kumi na manne niliyabeba mimi. Shigela alishika upande wa kichwa, mimi nikashika mkia, na bega langu la kulia liko chini kuliko la kushoto hadi leo. Mstari ule ulikuwa kweli tupu, kweli yenye misumari, na dirisha langu lilikuwa linaukana mbele ya watu mia mbili.

Akaja Lukelesha. Aliandika kwa vidole vyote kumi, huku akimkonyeza karani, kwamba kaka yake alimwachia nyumba kwa mdomo siku ya Krismasi, katikati ya pilau, na kwamba hata mbuzi wa jirani alisikia. Watu walicheka. Dirisha likasimama wima kama bati jipya.

"Dirisha la mama limetetemeka vikao viwili," akatangaza Bi. Eliwaza. "Ijumaa ni cha tatu, na kanuni mnaijua. Likitetemeka tena, shauri limekufa na mama atahamisha vyombo."

Nyanjige alipita karibu na kiti changu akitoka. Hakupaza sauti. "Kaka Mihayo, yale mataruma uliyabeba."

"Niliyabeba."

"Basi sema."

"Mlezi wa dirisha haruhusiwi kuwa shahidi, shemeji. Ni kanuni."

"Haya. Basi hilo dirisha lako limwambie na Shigela ahamie wapi. Kaburi lake liko nyuma ya jiko."

*

Mtu aliyekagua tiketi miaka thelathini na moja haamini hata kivuli chake; hukiuliza kimepandia kituo gani. Ukumbi ulipobaki mtupu nilijua jambo moja tu. Kuna mkono umeingia kwenye mashine yangu. Na siku iliyotangulia nilikuwa nimeona galoni la asali chini ya meza ya karani.

"Zamda," nikamwita. "Ile asali ni ya nani?"

Karani Zamda, mama wa watoto watano na ulimi wa sita, hakuinua macho. "Ni ya kwangu na chai yangu."

"Aliyeileta?"

"Mzee Mihayo, unanikagua? Behewa lako liko wapi?"

"Fungua mipangilio ya dirisha."

Akafungua, lakini kwanza alipumua kwa nguvu kiasi cha kupeperusha karatasi.

Kwa asiyejua, nieleze. Katika Linux, mfumo unaoendesha mashine hii, dirisha unaloliona halichorwi moja kwa moja juu ya kioo. Kila dirisha huchorwa pembeni, kama nguo inayoshonwa kabla ya kuvaliwa, kisha programu moja huyakusanya yote na kuyapanga mbele ya macho yako. Hapo katikati, kabla hayajapangwa, fundi mtundu anaweza kuyafanyia vituko. Anaweza kuyafifisha, kuyazungusha kama pande za sanduku, au kuyafanya yanyonywe chini kama moshi unaorudi ndani ya chungu. Watu huyaita madoido. Nilipostaafu niliokota kompyuta iliyotupwa, nikajifunza kwa kuiharibu mara sabini na mbili. Nilipenda zaidi madoido ya kutetemeka, yale ya kuburuta dirisha likayumba kana kwamba halina mfupa. Yanaongozwa na vipimo viwili vikuu, mburuto na ugumu. Ukiupandisha ugumu, dirisha ni ubao. Ukiushusha, ni mlenda.

Nilichoongeza mimi ni uzi mmoja tu. Niliufunga ugumu kwenye vidole vya anayeandika. Programu husikiliza vidole vinavyokimbia, vinavyosita, vinavyofuta, kisha huvilinganisha na sampuli, yaani maneno elfu kumi yaliyoandikwa na mtu anayesema kweli. Ukiandika kwa mwendo wa yule wa kwenye sampuli, ugumu unabaki juu. Ukiachana naye, unashuka. Wazo lenyewe lilitoka kwenye treni: abiria anayetetemeka ukimkaribia hana tiketi.

"Ugumu uko pale pale," Zamda akasoma. "Mburuto uko pale pale. Faili la mipangilio na faili la sampuli, yote mawili, mara ya mwisho yameguswa tarehe kumi na mbili Februari mwaka juzi, saa tisa na dakika tano alasiri. Aliyegusa anaitwa mihayo. Unamfahamu?"

"Saa ya mashine inaweza kurudishwa nyuma."

"Na wewe unaweza kurudishwa nyumbani." Sasa alinigeukia, na uso wake haukuwa na mzaha. "Sikiliza, baba yangu. Asali kaleta Lukelesha, ndiyo. Kaleta kwangu, kaleta kwa mlinzi, kapeleka kwa Mwenyekiti akafukuzwa nayo. Na galoni lako kaliacha kwa mkeo Jumapili. Leo asubuhi umekula mkate na nini?"

Nikakumbuka mkate wa asubuhi. Kwa kweli ulikuwa mtamu ajabu.

*

Alibaki mtu mmoja wa kushuku. Nenosiri la mashine tulilijua wawili tu, mimi na Chisunga, mshika bendera wa zamani wa reli, anayechaji betri za watu kwenye kibanda mkabala na stesheni mpya. Chisunga ni Mgogo. Mimi ni Mnyamwezi. Kwa hiyo ni mtani wangu, na mtani ndiye mtu wa kwanza kumshuku kwa sababu ana kibali cha kukufanyia lolote.

"Mgogo!" nilimwita kabla sijafika. "Umeingia kwenye mashine yangu?"

"Niingie nitafute nini, mpagazi wewe? Mizigo ya kubeba?" Hakuacha kukaza waya. "Kaa. Usiguse hiyo, itakupiga shoti na mimi sina nauli ya kuja kuzuia jeneza lako."

"Nenosiri unalijua."

"Kila mtu analijua. Ni jina la yule simba wako. Umelitaja kwenye harusi tatu na msiba mmoja."

Nikamweleza yote: Nyanjige, mataruma, uji wa dirisha, bati la Lukelesha. Mwanzoni alisikiliza kama mtu anayesubiri zamu yake ya kutukana. Halafu akaweka bisibisi chini.

"Mihayo." Akiniita kwa jina langu, ujue kuna jambo. "Ile sampuli ya kweli. Yale maneno elfu kumi. Uliandika nini?"

"Maisha yangu. Mwanzo hadi mwisho."

"Uliandikia wapi?"

"Barazani kwangu. Ulikuwepo, siku nane mfululizo, ukanimalizia karanga."

"Fungua hilo faili," akasema. "Lisome kwa sauti."

Nikalifungua kwenye simu. *Jina langu ni Mihayo. Nilizaliwa Urambo. Nina meno kumi na moja.* Sawa. *Niliajiriwa reli nikiwa kijana.* Sawa. Mistari arobaini ilikwenda hivyo, mikavu kama ratiba ya treni. Mstari wa arobaini na moja ulisema: *Simba alipanda Saranda, akakaa dirishani, nikamwomba tiketi, akaniambia ameiacha kwa mkewe.*

Nikaishusha simu.

"Endelea," akasema Chisunga.

*Nikamkatia mpya, nusu nauli, kwa sababu alikuwa na mkia na mkia haulipiwi.* Likafuata jambo la injini niliyoisukuma peke yangu hadi Itigi. Likafuata la nyuki walionivisha sare. Kisha Chisunga ameolewa na kiboko, Chisunga amekataliwa na kiboko, kiboko anaomba talaka. Kurasa kwa kurasa.

Kwa wasiojua, niseme. Mnyamwezi na Mgogo ni watani tangu misafara ya mababu. Mtani akikutukana hununi. Akikudanganya hushtaki. Ukifa, yeye ndiye atakayelala mbele ya jeneza hadi apewe kitu ndipo uzikwe. Mbele ya mtani ulimi hauna breki, na kumbe hata vidole havina. Nilitakiwa kuandika kweli kwa uzito, peke yangu, kama mtu aliye kizimbani. Lakini Chisunga alikuja na karanga, akasema, "Mnyamwezi, hayo ni maisha au ni orodha ya mazishi?" nami nikaanza kumjibu. Siku nane nilimjibu. Baadaye nilihesabu. Maneno elfu tisa na ushei yalikuwa ya uongo, yameandikwa na mtu anayecheka, asiyeogopa kitu, asiyefuta hata nukta.

Na mashine, mtoto mtiifu, ilijifunza. Kweli ni ile inayoandikwa bila hofu. Anayeandika kwa hofu ni mwongo.

"Basi anayedanganya kwa raha anasimama," nikasema taratibu. "Na anayesema kweli huku roho inamtoka..."

"...anayumba," akamalizia Chisunga. "Hakuna aliyeingia kwenye mashine yako, mpagazi. Aliyeingia ni wewe, na mimi nilikushikia taa."

Mteja mmoja akaja, akachukua betri yake, akaondoka bila kusalimiwa.

"Mashauri mangapi yamepita?" akauliza.

"Arobaini na moja." Nilikuwa namwona Ntandu, mzee wa Kinyaturu aliyenyang'anywa kisima chake mwaka jana. Aliandika huku machozi yanadondokea kibodi, dirisha likaruka kama samaki mchangani. Nilimtazama siku hiyo nikasema moyoni: huyu hana tiketi. Amehamia Singida kwa binti yake na hamsalimii mtu wa Makutano.

"Na kata nyingine zinalitaka?"

"Kumi na mbili. Wajumbe wanakuja Ijumaa kulitazama. Wameniandalia na cheti."

Chisunga akachukua bisibisi tena, akaigeuzageuza. "Basi fanya hivi. Ijumaa Nyanjige akiandika, wewe kaza ugumu kwa siri. Lukelesha akiandika, legeza. Kompyuta yako ndogo iko mapajani, nani ataona? Mjane anabaki na nyumba, wewe unabaki na cheti. Baada ya hapo utaandika sampuli mpya, peke yako, mimi nifungie nje."

"Na wale arobaini na moja?"

"Mihayo, wale wameshashuka kwenye treni."

Hilo ndilo lililonifuata hadi nyumbani. Kuna kisa kimoja sijawahi kukisimulia harusini, kwa sababu hakichekeshi. Karibu na Bahi nilimshusha mwanamke aliyekuwa anatetemeka mbele yangu, akihangaika na fundo la khanga yake, anafungua, halifunguki. Nilikwisha kuamua. Treni ilipoondoka nilimwona chini pale kwenye kokoto, fundo limefunguka, ameinua tiketi juu kwa mkono.

*

Ijumaa ukumbi ulijaa hadi milangoni. Wajumbe wa kata kumi na mbili walikaa mbele, wamevaa beji. Wanangu, sijawahi kushuku watu wengi namna ile kwa wakati mmoja. Nilimshuku mjumbe aliyekuwa ananitabasamia, nilimshuku asiyetabasamu. Nilimshuku Zamda alipoleta chai. Nilishuku hadi cheti chenyewe, kilichokuwa mezani kwenye fremu, jina langu limeandikwa kwa dhahabu, nikaona kama kinajua.

Kompyuta yangu ndogo ilikuwa mapajani, na kitufe kimoja nilikuwa nimekipa kazi mpya. Ukikibonyeza mara moja, ugumu wa dirisha unapanda hadi mwisho. Hakuna ambaye angejua. Kidole changu kilikaa juu yake.

"Nyanjige, binti wa Mabula, kikao cha tatu," akaita Bi. Eliwaza. "Andika."

Nyanjige akakaa. Alikuwa amevaa gauni la kanisani. Akaandika neno moja, *Nyumba*, na dirisha likaanza kuyumba. Lukelesha akacheka puani. Mjumbe mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Umeona? Linafanya kazi," na mwenzake akaandika hilo kwenye daftari.

Kidole changu kilikuwa pale pale. Bonyeza, Mihayo. Bonyeza mara moja tu, mjane alale kwake. Lakini lile daftari la mjumbe nilikuwa naliona waziwazi. Kata kumi na mbili. Kila kata na Ntandu wake. Na mimi nitakuwa kila mahali chini ya meza, nakaza kwa ninayemwonea huruma, nalegeza kwa nisiyempenda, nashusha watu kwenye kokoto.

Nikainuka. Mto ukaanguka.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mlezi anaomba kibodi."

"Mlezi si shahidi," akasema bila kunitazama.

"Kanuni ya tisa. Mlezi anaweza kuandika kuhusu dirisha lenyewe."

Akanitazama juu ya miwani. "Kuhusu dirisha tu."

Nyanjige akanipisha. Macho yake yaliniuliza kama nimekuja kummalizia. Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika kweli ambayo sijawahi kuandika maishani mwangu: *Dirisha hili ni bovu. Nililifundisha mimi, na nililifundisha kwa uongo. Mashauri yote arobaini na moja...*

Vidole vyangu vilikuwa vizito kama mataruma. Niliandika *mashauri*, nikafuta, nikaandika tena. Nilipoinua macho kwenye kioo, dirisha langu lilikuwa linatapatapa, linapinda, linajikunja, herufi zinakimbizana kama kuku waliomwona mwewe.

Ukumbi ukalipuka.

"Mwongo!" alipiga kelele mtu nyuma.

"Limemkana fundi wake!" Lukelesha alisimama, amefurahi hasa. "Mheshimiwa, mzee huyu alikuwa rafiki wa marehemu! Kahongwa na mjane! Dirisha lenyewe limesema!"

"Kaa chini, Lukelesha." Lakini hata sauti ya Bi. Eliwaza ilikuwa imebadilika. "Mzee Mihayo, kwa kanuni yako mwenyewe, maneno haya siwezi kuyapokea. Ondoka kwenye kibodi."

Nilibaki nimeketi. Nilikuwa nimesema kweli moja kubwa, na nilikuwa nimejenga dunia isiyoweza kuisikia. Nyanjige alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mlinzi alianza kunisogelea.

Ndipo nyuma kabisa, karibu na mlango, sauti ikapaa.

"Weee Mnyamwezi! Mpagazi asiye na mzigo! Umekuja kulia au kuandika? Hebu waambie siku ulipomkatia simba tiketi, au meno kumi na moja yamekuishia?"

Chisunga. Amesimama juu ya kiti, bisibisi mkononi kama fimbo ya chifu.

"Mla mlenda wewe!" nikamjibu, na kicheko kikanitoka kabla sijakiita. Kikalegeza shingo, kikashuka mabegani, kikafika kwenye vidole. Nikajua amenipa nini. Nikakigeukia kibodi, na sikufuta hata nukta.

*Simba alipanda Saranda, akakaa dirishani,* nikaandika, vidole vinacheza ngoma, *na tangu siku hiyo ni mjumbe wa baraza hili. Mheshimiwa Eliwaza ni mama yangu mzazi. Alinizaa juzi Jumatano, nikiwa na miaka sabini na minne, nikatoka na kofia. Lukelesha ni mbuzi wa jirani. Na Mgogo yule pale nyuma ameolewa na kiboko, na kiboko anajuta.*

Watu walicheka hadi wakashikana. Mjumbe mmoja alipangusa macho. Zamda alijilaza kwenye meza.

Halafu kicheko kikaanza kufa. Kilifia mbele kwanza, mstari kwa mstari, kadiri watu walivyoinua macho kwenye kioo.

Dirisha lilikuwa limetulia. Pembe nne zilikuwa zimenyooka, halitikisiki hata unywele. Pale juu, kwa herufi kubwa, mbele ya kata kumi na mbili, ilikuwa kweli iliyothibitishwa kwamba Mwenyekiti alinizaa Jumatano.

Yule mjumbe mwenye daftari alikata mstari juu ya alichokuwa ameandika, na mlio wa kalamu yake ulisikika ukumbi mzima.

Bi. Eliwaza alisoma yote, taratibu, hadi kwa kiboko. "Arobaini na moja?" akauliza.

"Arobaini na moja, Mheshimiwa."

"Na Ntandu yumo?"

"Yumo."

Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akaivaa tena. Nilitamani anitukane, lakini hakufanya hivyo. "Zamda, andika majina yote arobaini na moja. Wataitwa upya, hata walio Singida. Na hicho," akaonyesha cheti bila kukiangalia, "kiondoe mezani." Kisha kwangu: "Unaweza kulizima?"

Kuna vitufe vitatu ambavyo ukivibonyeza kwa pamoja, madoido yote hufa papo hapo. Hakuna kufifia, hakuna kuyumba, kila kitu kinabaki bapa kama karatasi. Nikavibonyeza. Dirisha la uongo wangu likabaki vile vile lilivyokuwa, ila sasa halikuwa na maana yoyote. Nikalifunga. Nyuma yake lilikuwa limebaki dirisha la Nyanjige na lile neno lake moja. Lilikuwa limetulia kama mengine yote.

"Mheshimiwa, pingamizi!" Lukelesha alikuwa bado amesimama, lakini tabasamu lilikuwa limepotea njia. "Bila dirisha, mtajuaje nani anasema kweli?"

"Kama walivyojua bibi zetu. Tutauliza, tutasikiliza, halafu tutauliza tena." Akamgeukia Nyanjige. "Mama, weka mikono mapajani. Leo niambie kwa mdomo. Paa la jiko liko juu ya nini?"

"Mataruma, Mheshimiwa. Kumi na manne." Sauti ilikuwa inamtetemeka.

"Mlitoa wapi?"

"Reli ya zamani. Siku treni ya mwisho ya dizeli ilipopita."

"Nani aliyabeba?"

Nyanjige akageuka upande wangu. Bi. Eliwaza naye akageuka, na Lukelesha, na kata kumi na mbili, na Chisunga juu ya kiti chake.

"Nani aliyabeba?" akarudia Mwenyekiti.

Sikuwa mlezi wa kitu chochote tena, kwa hiyo hapakuwa na kanuni ya kujificha nyuma yake. Nikainua mkono. Ulikuwa unatetemeka, na kila mtu aliuona.